Bima ya afya: nani amlipie asiye na mshahara?

Kwenye kazi yangu ya uchumi wa afya, watu huniuliza mchango wa bima uwe shilingi ngapi. Swali linalonisumbua mimi ni jingine: nani autoe?

Kwa mwajiriwa wa Tanzania jibu lipo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanza kazi mwaka 2001, hupata asilimia 6 ya mshahara: nusu ya mfanyakazi, nusu ya mwajiri. Anakatwa mzima, anakatwa mgonjwa, na mwenye mshahara mnono hukatwa zaidi. Ila Watanzania wengi ni wakulima, wafugaji, bodaboda na mama lishe. Hawana mshahara wa kukatwa.

Kwa ajili yao tulijaribu bima ya hiari. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996, na serikali ikawa inaongeza fedha sawa na zile walizochanga wananchi, utaratibu ulioitwa "tele kwa tele". Baadaye ukaja mfuko ulioboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Gawanya: shilingi 5,000 kwa mtu, mwaka mzima. Vipimo na dozi moja vinaweza kuzimaliza.

Udhaifu mkubwa zaidi wa hiari ulionekana kwenye Toto Afya Kadi, bima ya NHIF ya mtoto mmoja mmoja, shilingi 50,400 kwa mtoto. Mzazi mwenye mtoto anayeuguaugua alikimbilia kadi, mwenye mtoto mzima wa afya akangoja. Siwalaumu hata kidogo, maana ningekuwa na mtoto mgonjwa ningefanya vivyo hivyo. Lakini mfuko uliojaa wagonjwa watupu hauwezi kusimama, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, wazazi wakaelekezwa shuleni au kwenye vifurushi vya familia.

Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kuifanya bima iwe ya lazima ni sahihi, nami naliunga mkono bila kusita. Ila lazima pekee haimpi mtu fedha. Mkulima wa korosho wa Mtwara hupata hela msimu wa mauzo, basi mchango wake uchukuliwe wakati huo, kupitia chama chake cha msingi, asidaiwe mwezi wa Machi akiwa hana kitu. Kenya, ambako tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hukadiriwa kipato kwa maswali kuhusu kaya yake na namna anavyoishi. Kwangu huko ni kubahatisha kwa gharama kubwa.

Ndiyo maana nasema kodi ibebe sehemu kubwa ya mzigo wa walio nje ya ajira rasmi. Sheria yetu imekwisha kuonyesha njia kwa kutaja vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Hivyo navipenda. Tozo za miamala ya simu zinanitia wasiwasi: tuliona mwaka 2021 zilivyomuumiza mwenye kutuma vijisenti kijijini, hadi serikali ikazipunguza. Tusimtoze maskini ili tumkatie bima maskini.

Halafu kuna jambo ambalo hospitali zetu zinalijua vizuri. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, sera inasema wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza watibiwe bure. Lakini msamaha huo mara nyingi haukuja na fedha. Hospitali inatoa huduma, akiba ya dawa inapungua, na mama anaandikiwa akanunue duka la nje. Msamaha wa namna hiyo umelipwa na mgonjwa yuleyule.

Kwa hiyo kaya maskini ambazo TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, imezitambua zilipiwe michango kamili kutoka bajeti ya taifa, ziingie mfuko uleule wa wafanyakazi na kutibiwa kwa kitita kilekile cha huduma. Na kila robo mwaka Hazina itangaze hadharani kiasi ilichopeleka kwenye mfuko kwa ajili yao, ili mganga mfawidhi wa kituo cha Igunga aweze kukilinganisha na kilichomfikia.