Samasoti haikumnyima Surya Bonaly medali

Wazazi wanaoniletea watoto wajifunze kuteleza kwenye barafu huja na video ileile kwenye simu: “Mwalimu, si huyu dada wa Ufaransa aliyepoteza medali ya Olimpiki kwa sababu ya samasoti?” Jana nimeulizwa tena. Hapana! Medali yenyewe haikuwepo.

Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998. Kano ya Achilles, ile ya nyuma ya kisigino, ilikuwa imemkatika Bonaly mwaka 1996, na mwili haukurudi kuwa ule uliotwaa ubingwa wa Ulaya mara 5 mfululizo, 1991 hadi 1995. Baada ya programu fupi, ya kwanza kati ya mbili za mashindano, alikuwa wa 6. Kwenye programu ndefu, huku mguu ukimuuma, akapiga samasoti ya nyuma akijua fika kwamba sheria inaikataza. Akamaliza wa 10. Matokeo yapo, yasomeni.

Tena simamisheni video pale anapotua. Ni mguu mmoja. Chuma cha kiatu kina unene wa kama milimita 4, na chini kimechimbwa mfereji unaoacha kingo mbili. Bonaly anashuka kutoka hewani, kichwa ndiyo kwanza kimetoka chini kuja juu, anapata ukingo wake na kuendelea kuteleza kinyumenyume, kama anayetua mruko wa kawaida wa mashindano. Halafu mtu ananiambia alikuwa na nguvu tu, ustadi hana. Hilo linaniudhi kuliko yote, maana nguvu bila ustadi pale ni kuvunjika shingo.

Eti katazo liliwekwa kwa ajili yake? Lilikuja baada ya Mmarekani Terry Kubicka kuipiga samasoti Olimpiki ya Innsbruck, Februari 1976. Bonaly alikuwa na miaka 2. Limeondolewa 2024. Eti alizaliwa Réunion? Alizaliwa Nice, habari ya kisiwani walitungiwa waandishi. Eti ndiye mwanamke wa kwanza kutimiza mruko wa mizunguko 4? Aliujaribu Olimpiki ya Albertville 1992, waamuzi wakaona haukutimia. Wa kwanza kukubaliwa ni Miki Ando wa Japani, 2002.

Bonaly aliijua sarakasi ya sakafuni tangu utotoni, na mama yake Suzanne alikuwa mwalimu wa michezo. Kwa hiyo mtoto anayeitaka samasoti nampeleka kwanza kwenye mkeka, pekupeku, ajifunze kuanguka. Viatu vya barafu vitamsubiri.