Wastoiki walikuwa watu wa baraza

Wiki iliyopita, alasiri, mpwa wangu alipita mbele ya baraza letu Ngamiani asiamkie mtu. Tulikuwa wazee watano, dele la kahawa liko juu ya makaa, kashata imeshakatwa, na kijana akapita na eafoni masikioni kama anayepita makaburini. Hapa Tanga mtu hata akiwa na ugomvi nawe atakuamkia kwanza, ugomvi baadaye. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama mtoto anaumwa. Jioni nikamfuata kwa mama yake kumuuliza. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Mjomba, mimi siku hizi ni stoiki."

Si mara ya kwanza kulisikia. Kijana wa bajaji aliyeachwa na mchumba aliniambia hajali tena, amekuwa stoiki. Msibani Makorora nilisikia vijana wakimsifu mwenzao kwa kuwa alimzika bibi yake bila kutoa chozi: stoiki wa kweli huyo. Dada yangu naye hulitamka kwa sauti ileile ambayo angesemea malaria: "Mwanangu kapata ustoiki." Kabla halijaingia kwenye kamusi kwa maana hiyo, naomba nilisemee.

Maana yenyewe nitaipitia haraka. Ustoiki ni falsafa iliyoanza Athens, Ugiriki, mnamo mwaka 300 KK hivi, ikaenea hadi Roma. Inafundisha kwamba jema la kweli ni moja, tabia njema, nayo ina pande nne: hekima, uadilifu, ujasiri na kiasi. Mali, afya na sifa ni vizuri kuwa navyo, lakini havimgeuzi mtu kuwa mwema, na kuvikosa hakumgeuzi kuwa mwovu. Kilicho mikononi mwetu ni namna tunavyoyapima mambo na tunavyotenda, mengine yanakuja na kuondoka. Hiyo inatosha kwa leo. Ninalotaka kulisemea ni jina.

Mwanzilishi wake aliitwa Zeno, mtu wa Citium katika kisiwa cha Kupro. Alikuwa mfanyabiashara. Diogenes Laertius, aliyekusanya habari za wanafalsafa karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba chombo chake kilichopakia rangi ya zambarau kilizama karibu na Piraeus, bandari ya Athens. Zeno akapanda mjini mikono mitupu, akaketi kwenye duka la muuza vitabu, akasikia zikisomwa habari za Socrates. Akauliza watu wa namna hii wanapatikana wapi. Wakati huohuo mwanafalsafa Crates alikuwa akipita njiani, na muuza vitabu akamnyooshea kidole: mfuate yule. (Ningependa kujua alilipia kitabu au la.)

Alipokuwa mwalimu mwenyewe, Zeno hakuwa na mahali pake. Wafuasi wa Plato walikuwa na Akademia yao, mwanafalsafa Epicurus alikuwa na bustani yake. Zeno alikwenda sokoni. Pembeni mwa soko la Athens lilikuwapo jengo refu lililo wazi upande mmoja, nguzo mbele, ukuta nyuma, na kwenye ukuta michoro mikubwa, mmojawapo ukionyesha vita vya Marathon. Jengo la namna hiyo Wagiriki huliita stoa, na hili waliliita Stoa Poikile, yaani stoa yenye michoro. Zeno akawa anatembea huko na huko chini ya kivuli chake akifundisha. Mwanzoni wafuasi wake waliitwa kwa jina lake, watu wa Zeno, baadaye wakaitwa kwa mahali walipokutana: wale wa stoa. Wastoiki.

Sasa stoa kwa Kiswahili ni nini? Wengine huandika ukumbi, wengine varanda. Mimi nasema baraza, na sitaki kubishiwa sana. Najua baraza letu halina nguzo za marumaru wala picha za vita, mara nyingi ni saruji iliyopasuka na kipande cha mkeka. Lakini angalia kazi yake. Kivuli. Mbele ya macho ya watu. Hakuna mlango wa kufunga wala kiingilio. Mpita njia akisikia hoja imemgusa anasimama, anabisha, anaondoka au anakaa. Na hata namna neno lilivyohama kutoka kwenye jengo kwenda kwa watu, Kiswahili kimepita njia hiyohiyo. Baraza lilikuwa mahali pa kukaa mbele ya nyumba, kisha likawa wale waliokaa pale na wanayoyazungumza, na leo tuna Baraza la Mawaziri, na hakuna anayedhani mawaziri wamejipanga nje ya mlango wa mtu wakisubiri kahawa.

Waarabu waliliona hilo mapema. Neno falsafa walilichukua kwa sauti tu: philosophia ya Kigiriki ikawa falsafa, na sisi tukaipokea kwao ilivyo. Lakini walipofika kwa Wastoiki hawakuchukua sauti, walilitafsiri jengo. Waliwaita riwaqiyyun, watu wa riwaki, na riwaki ni ule ujia wenye nguzo na paa. Waliosoma habari za Al-Azhar ya Cairo watakuwa wamekutana na neno hilo, kwa kuwa sehemu walizokaa wanafunzi kwa mujibu wa nchi zao ziliitwa riwaki. Laiti jina lingetufikia pwani kwa jahazi hilo hilo lililoleta falsafa. Tungewaita Wanabaraza tangu zamani, na mpwa wangu asingepata pa kujificha.

Limetufikia kwa simu, kupitia Kiingereza, na hapo ndipo palipoharibika. Kwa Kiingereza neno hili lina maisha mawili. Likiandikwa kwa herufi kubwa ni wale wanafalsafa wa Zeno. Likiandikwa kwa herufi ndogo ni sifa ya mtu yeyote anayeumia kimya bila uso kubadilika. La pili limetokana na la kwanza kama uvumi unavyotokana na habari: kuna kitu cha kweli ndani, lakini usiende nacho mahakamani. Watengeneza video wengi wamechukua maana ya herufi ndogo, wakaivika nguo za herufi kubwa.

Siwatukani. Bila wao kijana wa Ngamiani asingewahi kulisikia jina la Marcus Aurelius, kaisari Mstoiki wa Roma, na sisi walimu tuliopewa ubao na chaki hatukumsikizisha. Ryan Holiday, Mmarekani anayejulikana sana kwa kazi hiyo, ameandika juu ya fadhila zote nne, uadilifu ukiwemo. Shida ni video ya mkono wa tatu na wa nne, iliyokatwa, ikawekewa mvua na sauti nzito, mpaka kilichobaki ni kaza, kaza, kaza. Mpwa wangu alinionyesha moja. Sanamu ya marumaru ya mzee mwenye ndevu, radi nyuma, na sauti ikisema mwanaume haonyeshi hisia. Chini pameandikwa kwamba Marcus Aurelius alisema kila tunachokisikia ni maoni, si ukweli. Marcus Aurelius alitawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180 na aliacha daftari la mawaidha aliyojiandikia mwenyewe. Maneno hayo hayamo. Kilichomo, mwanzoni kabisa, ni shukrani kwa mwalimu wake Sextus, ambaye kwake aliona inawezekana mtu asitawaliwe na jazba na papo hapo awe mwenye upendo mwingi kabisa kwa watu wake. Hilo halikuwekewa radi.

Na ile sanamu! Epictetus, mwalimu wa Kistoiki ambaye kila video humtaja, alizaliwa mtumwa, na jina lake kwa Kigiriki maana yake ni aliyepatikana, kama bidhaa. Baadaye alikuwa huru, akafundisha Nicopolis, na mwanafunzi wake Arrian akaandika masomo yake. Humo anasema waziwazi kwamba mtu hapaswi kuwa mkavu wa hisia kama sanamu, inampasa atunze mahusiano yake, kama mcha Mungu, kama mwana, kama ndugu, kama baba, kama raia. Kati ya picha zote duniani, wamechagua ileile aliyoikataa.

Neno linalowachanganya ni apatheia. Ukilifasiri juu juu ni kutokuwa na pathos, na video husema pathos ni hisia. Kwa Wastoiki pathos ni msukumo uliozaliwa na hukumu potofu na ukamshinda mtu nguvu. Chrysippus, Mstoiki aliyeongoza shule hiyo baada ya Zeno na Cleanthes, aliifananisha na mkimbiaji ambaye hawezi kusimama pale anapotaka, tofauti na anayetembea. Hizo ndizo walizotaka kuziondoa. Lakini walihesabu pia hisia njema ambazo mwenye hekima anazo: furaha, utashi mwema na tahadhari. Na kabla ya zote kuna mshtuko wa kwanza, ule wa mwili, ambao hauombi ruhusa kwa mtu.

Aulus Gellius, Mrumi wa karne ya 2, anayo hadithi ambayo mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa. Alikuwa safarini baharini kwenda Brundisium, Italia, wakapigwa na dhoruba usiku kucha, maji yanaingia chomboni. Ndani alikuwamo mwanafalsafa wa Kistoiki mwenye jina kubwa. Gellius akamtazama apate kujua mtu wa namna hiyo huwaje. Akamwona amepauka uso kama abiria wengine, ila hakupiga kelele. Bahari ilipotulia, tajiri mmoja akamdhihaki: mbona na wewe umebadilika rangi? Baadaye Gellius mwenyewe akamuuliza kwa adabu, na mzee akatoa kwenye mkoba kitabu cha tano cha masomo ya Epictetus, ambacho leo kimepotea. Kilisema kwamba hata mwenye hekima, radi ikipasuka ghafla, atashtuka na kupauka kwa kitambo kidogo, kwa kuwa mwili hutangulia. Tofauti inakuja hatua ya pili. Mjinga anauridhia ule mshtuko, anaamini kwamba kweli jambo baya limempata, na mwenye hekima hauridhii.

Nilimsimulia mpwa wangu hiyo, akavua eafoni moja. "Sasa mjomba, alikuwa anaogopa au haogopi?" Nikamwambia swali hilo ndilo lililofaa kuletwa barazani, na kwamba Zeno angemsogezea nafasi akae.

Akanyamaza, halafu: "Kwa hiyo mimi si stoiki?"

Nikamwambia taratibu, kwa kuwa ana umri wa kuona haya mbele ya mama yake. Kijana aliyejizuia kulia kaburini ili awashike wenzake mkono amepiga moyo konde, ni jambo la heshima, na halikuhitaji Mgiriki kuja kutufundisha. Aliyeachwa na mchumba akasema hajali huku analia usiku, huyo amejeruhiwa tu, aachwe apoe. Ama wewe, unayepita mbele ya wazee watano ukauchuna, hilo nalo lina neno lake, la Kiswahili, na umelikuta mtaani. Neno hilo ni kauzu.

"Kauzu ni dagaa, mjomba," akasema.

Ni dagaa pia.