Sare ya jeshi hustahiliwa lini?

Wazazi wengi, na hata vijana waliokwisha kutoka kambini, huniuliza kama miezi ya ukuruta, yaani mafunzo ya mwanzo ya askari, kweli humfanya mtu astahili sare ya jeshi, au kama ni desturi ya kuwachosha watu kabla ya kuwavisha kombati. Nimefanya kazi ya kuandaa na kupima mafunzo ya askari kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba ukuruta ukiendeshwa vizuri humpa mtu haki moja tu: haki ya kuaminiwa kwamba atatii amri halali na kubaki na wenzake hata pale anapoogopa. Umahiri wa kupigana unataka muda mrefu kuliko huo, na uaminifu kwa taifa haufundishwi uwanja wa gwaride. Mambo haya matatu yanapochukuliwa kuwa kitu kimoja, watu hubishana bila kuelewana, na mbaya zaidi, viongozi huwakabidhi vijana majukumu ambayo hawakuandaliwa kuyabeba.

Nianze na kwata, yaani mazoezi ya gwaride, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Hakuna jeshi la leo linalokwenda vitani kwa mistari iliyonyooka, na kuruta anayegeuka kulia na kushoto juani kwa saa nzima ana haki ya kuuliza faida yake. Faida ipo. Kwata humzoeza mtu kusikia sauti moja katikati ya kelele, kutenda bila kusubiri wenzake waanze, na kuona kwamba kosa lake dogo linaharibu kazi ya watu thelathini. Mazoea hayo hayo ndiyo mkufunzi anayoyatumia baadaye katika jambo zito zaidi, yaani silaha. Kuruta anayefungua bunduki, kuisafisha na kuifunga tena gizani, na ambaye kidole chake hakigusi kifyatulio mpaka awe ameamua kufyatua, amejifunza kitu kitakachowalinda wenzake kabla hakijamtisha adui. Mchakamchaka wa alfajiri, usingizi wa vipande na lindo la usiku vina kazi ya namna hiyo, kwa sababu uchovu ndio hali ya kawaida ya askari akiwa vitani, na asiyejua anavyokuwa akichoka hajijui bado. Hata hivyo, vyote hivi ni maandalizi ya kuanza kufundishwa kazi yenyewe.

Historia yetu inaonyesha wazi kwamba kwata peke yake haitoshi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, katika kambi ya Colito ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza na kuingia mitaani Dar es Salaam. Walidai mishahara bora, na walidai Waafrika wapewe uongozi wa jeshi. Siku zilizofuata moto huo ulifika Tabora, na ndani ya wiki hiyo hiyo askari wa Jinja nchini Uganda na wa Lanet nchini Kenya nao waliasi. Hawa hawakuwa kuruta. Walikuwa wanajeshi waliofundwa katika mila ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, wenye kwata nzuri na nidhamu ya kambi iliyosifiwa, na baadhi yao walikuwa na miaka mingi ya utumishi. Sare ilikuwa mwilini na mafunzo walikuwa nayo, lakini jeshi lenyewe lilikuwa limejengwa na dola nyingine kwa makusudi yake, na baada ya Uhuru wa 1961 askari waliendelea kuamriwa na maofisa wa kigeni. Serikali ilibidi iombe msaada wa Uingereza, na tarehe 25 Januari makomando wa Royal Marines waliwanyang'anya silaha. Madai yao yalikuwa na msingi, nami sioni aibu kulisema hilo. Ila askari anayeigeuzia serikali yake bunduki kwa ajili ya madai yake amevunja sharti la kwanza la kuvaa sare, hata kama paredi yake haina dosari.

Mwalimu Nyerere alivunja jeshi hilo, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mrisho Sarakikya, ofisa aliyesomea Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza. Kuruta wa jeshi jipya walitafutwa hasa miongoni mwa vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambalo lilikuwa limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Uamuzi huo uligeuza mpangilio mzima wa mambo: kwanza kijana aonekane ameshikamana na taifa lake kwa kazi na maisha ya kambi, ndipo afundishwe silaha. Wapo wanaouona kuwa ulikuwa uamuzi wa kisiasa, na ni kweli ulikuwa wa kisiasa, lakini kwa mtaalamu wa mafunzo ulikuwa pia jibu sahihi kwa kasoro iliyojitokeza Januari ile.

Je, moyo huo nao unatosha? Kwa hilo inafaa kuvitazama Vita vya Kagera, na hasa mapigano ya Lukaya, nchini Uganda, ya Machi 1979, ambayo kwangu ni somo kubwa kuliko kitabu chochote cha kufundishia. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Tanzania ililazimika kulipanua jeshi lake kwa haraka sana, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa mgambo: wakulima, wafanyakazi na vijana waliokuwa wamejifunza kwata na matumizi ya silaha kwa vipindi vifupi, kisha wakaongezewa mafunzo baada ya kuitwa. Tarehe 10 Machi brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo na wengi wao walikuwa hawajaonja mapigano, ilifika Lukaya, mahali ambapo barabara ya kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakaanza kufyatua roketi za Katyusha. Nyingi zilipita juu ya vichwa na kuanguka mbali, lakini mlio wake kwa mtu asiyewahi kuusikia ulitosha. Mistari ilivunjika na askari wakatawanyika kinamasini.

Nawaomba wasomaji wasiharakishe kuwahukumu watu wale. Walikuwa na sababu ya kupigana na waliijua. Walikuwa wametoka majumbani kuilinda nchi yao, na hakuna aliyeweza kusema walikosa moyo. Walichokosa ni mazoea ya kupigwa risasi na mizinga wakiwa pamoja, na mazoea hayo hayapatikani kwa kuambiwa. Usiku ule brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa na uzoefu zaidi, ilitembea gizani kuzunguka nyuma ya adui, na brigedi ya 201 ikakusanywa na kupangwa upya. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi mbili zilishambulia, moja mbele na nyingine nyuma, na kikosi cha Walibya na Waganda kikasambaratika. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilikuwa mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nao.

Watu wale wale waliokimbia jioni walirudi alfajiri, na hapo ndipo naweka mkazo. Kukimbia kulitokana na mafunzo mafupi. Kurudi kulitokana na mambo mawili: maofisa na masajini waliojua la kufanya na watu walioogopa, na mafunzo yale yale mafupi, ambayo angalau yalimfanya kila mmoja ajue seksheni yake, yaani kikundi chake kidogo, ni ipi na arudi kwa nani. Kama kuna jambo ambalo ukuruta wa wiki chache unaweza kulidai kwa haki, ni hilo. Na iwapo mtu ataniuliza mgambo wa brigedi ya 201 walistahili sare zao siku gani, sitataja siku walipomaliza kozi. Nitataja asubuhi ya tarehe 11.

Majeshi mengine yamefika kwenye hitimisho linalofanana kwa njia tofauti. Jeshi la Wanamaji wa Nchi Kavu la Marekani (Marine Corps), lenye ukuruta wa wiki 13 katika kambi za Parris Island na San Diego, liliongeza mwaka 1996, chini ya Jenerali Charles Krulak, mtihani wa mwisho wa saa 54 ambamo kuruta hula kidogo, hulala kidogo, hutembea masafa marefu na mizigo, na hutatua matatizo kwa vikundi vidogo. Ni baada ya mtihani huo tu ndipo hukabidhiwa nembo ya jeshi. Naupenda mpango huo kwa sababu nembo inafuata kazi iliyoonekana, na kazi yenyewe haifanyiki na mtu mmoja. Lakini hata huko askari huyo hapelekwi vitani na nembo yake mpya. Huenda kwanza shule ya askari wa miguu. Jeshi la nchi kavu la Marekani nalo lilirefusha mwaka 2018 mafunzo ya askari wa miguu kutoka wiki 14 hadi 22, ili kupata muda zaidi wa silaha, kusoma ramani, kutembea porini usiku na huduma ya kwanza. Jeshi tajiri lenye uzoefu wa vita vingi lilikiri kwa kalenda yake kwamba wiki 14 hazikuwa zikitoa askari kamili.

Kuna upotofu mmoja ambao sitauvumilia, nao ni imani kwamba ugumu wowote unamstahilisha mtu. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, huko huko Parris Island, sajini mmoja aliiongoza platuni yake, yaani kundi lake la kuruta, kwenye maji ya Ribbon Creek ili kuirudisha kwenye nidhamu, na kuruta sita walizama na kufa. Alishtakiwa mahakama ya kijeshi, na usimamizi wa wakufunzi ukabadilishwa. Mkufunzi anayemchosha kuruta lazima aweze kueleza, kwa sentensi moja, zoezi hilo linaandaa kitu gani cha kazi ya askari. Akishindwa, anachofanya ni ukatili, na kuruta aliyeuvumilia amethibitisha tu kwamba anaweza kuvumilia ukatili. Askari wa namna hiyo huja kuwatendea raia aliyotendewa yeye.

Kwa ofisa hesabu ni kali zaidi. Ofisa mwanafunzi wa Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi letu, akitunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu anapewa siku hiyo mamlaka juu ya maisha ya watu, na baadhi yao ni masajini waliokuwa kazini yeye akiwa bado shuleni. Kamisheni yake ni halali tangu dakika ya kwanza, nami ningemtaka kila askari ampigie saluti bila kusita. Heshima ya platuni ataipata baadaye, pale watakapomwona anakula baada yao, anamsikiliza sajini wake, na anakiri amri mbaya kabla haijamuumiza mtu.

Wabakie vijana wa JKT wanaokwenda kwa mujibu wa sheria. Utaratibu huo uliosimamishwa mwaka 1994 ulirejeshwa mwaka 2013, na wahitimu wa kidato cha sita hukaa kambini miezi mitatu. Baadhi yao hurudi nyumbani wakijiona wanajeshi, na baadhi ya watu huwacheka. Wote wawili wanakosea. Kijana huyo si mwanajeshi, na miezi mitatu haikukusudiwa kumfanya awe hivyo. Lakini kama alilinda lindo lake bila kulala, akambeba mwenzake aliyeteguka mguu, na akajifunza kuiogopa bunduki kwa namna inayofaa, basi kombati aliyoivaa kwa muda ule ilikuwa yake kwa haki. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja katika miezi hiyo, ningeongeza usiku wa porini ambao kila kijana anapewa seksheni aiongoze akiwa amechoka, kisha tathmini isomwe mbele yake na wenzake, na asiyefaulu arudie zoezi kabla ya kusimama kwenye gwaride la kuhitimu.