Mzigo Uliopo Stoo Haujauzwa: Kazi ya Mratibu wa Mauzo wa Kanda

Vijana wanaokuja chuoni kwetu kusomea masoko, wanapoulizwa mratibu wa mauzo wa kanda anafanya kazi gani, wengi hujibu kwamba ni muuzaji aliyepandishwa cheo. Jibu hilo si sahihi. Afisa mauzo hutafuta oda na meneja wa kanda hubeba lengo la mauzo, lakini mratibu ndiye anayehakikisha kwamba oda, mzigo, ankara na malipo vinasomana.

Kanda yenyewe hupangwa na kampuni kadiri inavyoona inafaa. Kampuni yenye bohari Dar es Salaam inaweza kuziita Kanda ya Pwani wilaya zote tano za mkoa, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, kisha ikaongeza Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga. Kila asubuhi mratibu hupitia oda zilizoingia, huangalia kama mteja hajavuka kikomo cha mkopo wake, hupata uhakika kutoka stoo kwamba bidhaa ipo, ndipo hupanga magari. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji yakijaa katika bonde la Jangwani na Barabara ya Morogoro ikafungwa, gari la Manzese lililotoka Kariakoo hulazimika kuzungukia Barabara ya Mandela, na mwenye duka anayesubiri anastahili kupigiwa simu mapema badala ya kuachwa akikisia.

Hata hivyo, uzito wa kazi hii umo katika hesabu, na hapa naomba msomaji awe makini. Tuchukue mfano wa wakala wa sabuni wa Mbagala aliyeanza mwezi akiwa na katoni 120, akapokea 700, na siku ya mwisho ya mwezi akabaki na 430. Ankara za kampuni zitaonyesha mauzo ya katoni 700, na timu itapongezwa kwa kuvuka lengo, ilhali zilizotoka kwa wakala kwenda madukani ni 390 tu. Kwa kasi hiyo, mzigo aliobaki nao unatosha kwa zaidi ya mwezi mzima. Mwezi unaofuata hataagiza kitu, fedha yake itakuwa imelala stoo, na kama alichukua mzigo kwa mali kauli, deni litaanza kuchelewa. Nimewahi kuona wakala mwaminifu akifunga biashara kwa sababu ya kusukumiwa mzigo kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kusema ukweli huo isipokuwa mratibu. Kwa hiyo ripoti yake lazima itenganishe kilichoingia kwa wakala na kilichotoka, na hesabu ya stoo ifanywe kwa kuhesabu katoni zenyewe, si kwa kuuliza kwa simu.

Kosa jingine hutokana na kodi. Kwa bidhaa inayotozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara cha asilimia 18, mauzo ya shilingi 1,180,000 kwenye risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti) ni shilingi 1,000,000 bila kodi. Afisa mauzo akiripoti kiasi cha kwanza na mhasibu akiripoti cha pili, pande zote mbili ziko sahihi, lakini kikao cha mwezi kitaishia kwenye mabishano. Mratibu anapaswa kuamua tangu mwanzo ni kiasi kipi kitakachotumika kupima lengo na kukokotoa kamisheni, kisha aliandike jambo hilo mahali ambapo kila mmoja ataliona.

Mwisho ni orodha ya wateja, ambayo hushughulikiwa kiholela mno. Majina na namba za simu za wenye maduka ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa hizo zilikusanywa kwa ajili ya kupeleka mzigo na kudai malipo, hivyo hazipaswi kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, wala mratibu anayehamia kampuni nyingine hapaswi kuondoka nazo kwenye simu yake.