Kwa nini mtu akiri mauaji ambayo hakuyafanya? Maswali na majibu

Swali: Nimesikia kuna mgonjwa Sweden aliyekiri kuua watu zaidi ya 30, kumbe hakuua hata mmoja. Ni kweli?

Ni kweli. Anaitwa Sture Bergwall. Mwaka 1991 aliingizwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Säter baada ya tukio la ujambazi. Akiwa huko akajipa jina jipya, Thomas Quick, akaanza kukiri mauaji ya Sweden, Norway na kwingineko. Kati ya 1994 na 2001 mahakama zilimtia hatiani kwa mauaji 8.

Ukitaka kumwelewa, anzia wodini. Alikuwa akipewa kwa wingi benzodiazepini, dawa za kutuliza za jamii ya Valium. Zikizidi, kumbukumbu huvurugika na mtu husema ambayo angeyazuia akiwa mzima. Waliomtibu waliamini kwamba ndani yake kuna matukio ya kutisha aliyoyasahau, kwa hiyo kila alipoleta tukio jipya walimsogelea zaidi. Mtu ambaye hakuwa na wa kumsikiliza akajikuta amezungukwa na madaktari, polisi na waandishi wa habari. Akipata ruhusa ya kutoka, alikwenda maktaba Stockholm kusoma magazeti ya zamani, kisha anarudi na mapya ya kueleza.

Kuna jambo moja huniuma kila nikilikumbuka. Alikiri pia kumuua mtoto wa miaka 9 aliyetoweka Drammen, Norway, mwaka 1988. Kipande kidogo kilichookotwa msituni kilitolewa mahakamani kama mfupa wa mtoto. Kilipopimwa upya miaka mingi baadaye, kilikuwa mbao iliyochanganyika na gundi. Muda wote huo kesi ilihesabiwa imekwisha.

Dawa zilipopunguzwa, Bergwall alinyamaza kwa miaka. Mwaka 2008 akamweleza mwandishi Hannes Råstam kwamba yote aliyatunga. Kufikia 2013 hukumu zote 8 zilikuwa zimefutwa.

Swali: Si ni watu wanaotafuta kiki tu?

Wapo. Mtoto wa rubani Charles Lindbergh alipotekwa na kuuawa Marekani mwaka 1932, watu wapatao 200 walijitokeza kukiri. Lakini neno "kiki" linafunika mengi. Mwingine anamkinga mwanawe au mdogo wake. Mwingine ana sonona kali iliyofika hatua ya kumwaminisha kwamba ametenda dhambi kubwa na anastahili adhabu. Huyo hadanganyi, anaumwa, na anaweza kujidhuru.

Swali: Mimi nina akili timamu. Siwezi kukiri kitu ambacho sikufanya.

Wengi husema hivyo kabla hawajakesha. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walikatazwa kubonyeza kitufe fulani cha kompyuta. Baadaye waliletewa karatasi wasaini kwamba walikibonyeza, ingawa hawakukibonyeza. Kati ya waliolala vizuri, asilimia 18 walisaini walipoombwa mara ya kwanza. Kati ya waliokesha usiku kucha, nusu walisaini.

Hapo hakukuwa na polisi wala vitisho. Sasa mfikirie kijana wa miaka 14. Mwaka 1989 vijana watano wa New York walikamatwa kwa shambulio la mwanamke katika bustani ya Central Park. Walihojiwa kwa saa nyingi wakakiri mambo ambayo hayakuwahi kutokea mikononi mwao. Wa umri mkubwa zaidi alikuwa na miaka 16. Mwaka 2002 mtu mwingine alikiri, vinasaba vyake vikalingana na vilivyopatikana, na hukumu za vijana wale zikafutwa. Ubongo wa kijana huona kwanza nafuu ya sasa hivi: nisaini, niende nyumbani.

Swali: Na wanaojidai kuwa mtu mwingine kabisa?

Mwaka 1920 mwanamke aliopolewa mfereji wa Berlin baada ya kujirusha. Akakataa kutaja jina, akapelekwa hospitali ya akili. Baadaye, akijulikana kama Anna Anderson, alidai kuwa ni Anastasia, binti wa mfalme wa mwisho wa Urusi, na akashikilia dai hilo mpaka alipofariki mwaka 1984. Miaka kumi baada ya hapo vinasaba vilionyesha hakuwa wa ukoo huo. Watu walibishana kuhusu taji. Mimi namfikiria zaidi yule aliyejirusha majini.

Swali: Ndugu yangu ameanza kusema ameua mtu, nasi tunajua hakutoka nyumbani. Tufanyeje?

Msimcheke, msimpige, na msimrekodi kwa simu. Muulizeni kwa upole amelala lini, amekula nini, anatumia dawa au pombe gani, na kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Akigusia kujiua, asibaki peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Kumwombea ni haki yenu, ila hospitali isingojee maombi yamalizike.

Akiwa ameshafika polisi, mtu mzima wa familia aende mapema na wakili ikiwezekana. Aeleze hali ya mgonjwa kabla mgonjwa hajaandikwa maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mshukiwa mbele ya polisi, na aende na kadi ya kliniki ya mgonjwa pamoja na dawa anazotumia mgonjwa, zikiwa kwenye pakiti zake.