Takriri ni kukariri tu: majina ya tamathali yanajieleza yenyewe

Mitihani ikikaribia kuna mdogo wangu mmoja hapa mtaani lazima aje na daftari limejaa majina ya tamathali, yaani mbinu za kupamba lugha: takriri, tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha, taashira, na mbele ya kila jina kuna maana ya mstari mmoja aliyoinakili ubaoni, afu anayaimba yote bila kukosea ila ukimwomba mfano anaduwaa. Juzi nikamwambia hebu funga daftari kwanza, hivi hapo ulikuwa unafanya nini? "Nakariri." Basi takriri ndo hiyo hiyo.

Yaani neno ni moja, limetoka kwenye Kiarabu cha kurudia. Mwandishi akirudia neno, sauti au mstari mzima kwa makusudi, hiyo takriri: "Walilima, walilima, walilima, na ghala likabaki tupu." Ila kwenye mtihani usiishie kusema neno limerudiwa, sema limerudiwa ili iweje, hapo ni ili tuione ile jasho iliyopotea bure.

Na mchezo huu unakubali kwenye majina mengi kuliko watu wanavyodhani. Bibi akisema mtoto kashabihiana na babu yake, hapo umeshaipata tashbihi, kufananisha kitu na kitu huku maneno ya kufananishia yanaonekana wazi, kama, mithili ya, mfano wa, sawa na. Sasa wengi wanaumia hapa, wakiona "kama" popote wanapiga mstari chini. "Kama mvua ikinyesha siji" hiyo ni sharti, haina tashbihi yoyote. Hata "Juma mrefu kama kaka yake" mi siihesabu, maana Juma na kaka yake ni watu wawili wa aina moja, umewapima urefu tu. Sema "Juma mrefu kama mnazi" hapo sawa, vitu viwili vya jamii tofauti kabisa vimekutanishwa kwa sifa moja.

Sitiari ndo ninayoipenda kuliko zote. Kwa Kiarabu istiara maana yake ni kuazima, na ukishajua hilo huhitaji tena ile maana ya ubaoni. Unaenda kwa mnazi, unaazima jina lake, unamvisha Juma: "Ule mnazi umeingia darasani." Neno "kama" halipo, "mithili" haipo, Juma kawa mnazi kabisa. Kama ilivyo kwa kitu chochote cha kuazima, unachukua kwa kazi fulani tu, hapa umechukua urefu, hujachukua madafu wala makuti, kwahiyo ukichambua sitiari uliza nini kimeazimwa na nini kimeachwa kwa mwenyewe. Mwandishi mmoja akimwita mwanasiasa fisi anaazima ulafi, mwingine anaazima woga, na jibu liko kwenye hadithi, sio kwenye fisi. Wakenya wana jazanda pia, ambayo wengi wanaitumia picha inapokuwa ndefu au imefichwa zaidi, mfano shairi zima linasema habari za mkulima na shamba lake kumbe ni mtu anamnung'unikia mke aliyemkimbia.

Taashira ni ishara. Rangi za bendera ya Tanzania, kijani ardhi na mimea, nyeusi watu, bluu maji, njano madini, hizo ni taashira. Tofauti yake na sitiari ni kwamba kitu chenyewe kipo kweli, bendera unaiona inapepea, ila imebebeshwa maana nyingine juu yake.

Tashihisi ina shakhsi ndani, yaani mtu. Kisicho mtu kinapewa mambo ya mtu, "njaa ikabisha hodi, ikakaribishwa, ikavua viatu". Mubalagha nayo ndo inachekesha wanafunzi maana ni ndugu na kubaleghe. Shina ni la kufika, aliyebaleghe kafikia utu uzima, na mubalagha ni kulifikisha jambo mbali mpaka linapitiliza: alilia machozi mpaka mtumbwi ukapita sebuleni. Mtaani tunaita kupiga chuku, na vitabu vingi vinakubali chuku vilevile.

Ukija kwenye ushairi ndo raha zaidi. Ubeti, yaani fungu moja la mistari ya shairi (hauhusiani na kubeti, samahani kwa wenye mikeka), asili yake ni bayt, nyumba, ile ile ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, kule Unguja. Mizani ni mizani ya sokoni, unapima silabi badala ya mchele, na shairi la kawaida la mishororo minne, yaani mistari minne, kila mshororo unabeba mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) nane utao (nusu ya pili). Sasa ukipima ukakuta imezidi au imepungua ndo zinakuja zile mbinu zinazowatoa watu jasho bure. Mazda ni kuzidisha, we sikia tu zidi humo ndani: enda ina mizani mbili, ukisema enenda zimekuwa tatu. Tabdila ni kubadili, umegusa sauti ili kina (ile silabi ya mwisho inayofanana) kikubali na mizani haijaguswa, vina vyako vyote ni -bo basi sababu unaiandika sababo na maisha yanaendelea. Inkisari ni kuvunja, aliyekuja ina tano, ivunje iwe alokuja, nne. Kuboronga sarufi hiyo haitaki hata kuelezwa, "langu jicho limeona" badala ya jicho langu.

Lakini usijiamini sana maana kuna moja itakuangusha, kinaya. Ukifuata ujanja wangu utasema imetoka kwenye kukinai, na utakosea, ni maneno mawili tofauti yaliyofanana masikioni tu. Kinaya ni mambo kwenda kinyume na yalivyotegemewa au maneno kusema kinyume na hali ilivyo. Na balaa lenyewe ni kwamba inachanganywa na kejeli kila siku. Kejeli ina mlengwa, kuna mtu anakejeliwa, anadhihakiwa, anaumia. Kinaya haihitaji mtu wa kuumia. Chukua mzee anayewachapa wanawe wakicheza kamari, siku moja wanawe wanapita kwenye kibanda cha kubeti wanamkuta baba kasimama na mkeka mkononi anahesabu odi. Hapo hakuna aliyemcheka mtu, hali yenyewe ndo imejigeuza, hiyo kinaya. Mtoto mkubwa akisogea akasema "Shikamoo baba, naona leo umekuja kuwakamata wacheza kamari" sasa kejeli imeingia, na hapo hapo kinaya cha maneno kimo ndani yake kwa sababu anachosema sicho anachokiona, kwahiyo sentensi moja imebeba zote mbili na ndo maana zinachanganywa. Ukiulizwa onyesha kinaya, andika baba mkali wa kamari kakutwa na mkeka. Ukiandika "ni kinaya kwa sababu mtoto anamcheka baba yake", maksi hupati hata nusu.