Kutuma makala na taarifa kwenye tovuti za metali: kwanini nyingi zinakwama kwenye namba

Kazi yangu ni kuhariri makala za wachangiaji na taarifa za makampuni kuhusu chuma, shaba, alumini, dhahabu na metali nyingine, na kabla ya hapo nilikua maabara ya kiwanda cha nondo, kazi ni kuvuta vipande kwenye mashine mpaka vikatike. Kwahiyo leo naongea na watu wa masoko na mainjinia mnaotuma vitu alafu havitoki. Wengi mnadhani tatizo ni lugha au kwamba hamna mtu ndani anaewajua. Kiukweli vingi vinakwama kwenye namba, yaani namba haipo kabisa, au ipo ila haina kipimo, haina tarehe, haina kiwango.

Kwanza tuelewane, taarifa na makala ni vitu viwili tofauti. Taarifa inabeba jambo moja lililotokea, tanuru limewashwa, mkataba umesainiwa, mgodi umepata leseni. Makala ya kuchangia inabeba ujuzi, na mtu akimaliza kuisoma awe ameondoka na kitu hata kama hatanunua kwako hata msumari. Ukituma tangazo la bidhaa ukaliita makala mhariri analijua kwenye aya ya kwanza tu, na safari ijayo imeili yako anaifungua kwa uvivu.

Sasa chukua nondo. Taarifa inakuja imeandikwa "tunajivunia kuzindua nondo imara zaidi sokoni zenye ubora wa kimataifa". Hapo sina cha kuandika, na msomaji wetu ambae ni injinia wa saiti au mtu wa manunuzi hana cha kushika. Imara kiasi gani, imepimwa wapi? Angalia na hii: kiwanda kimeanza kutoa nondo za mm 12 daraja B500B kwa kiwango cha Uingereza cha BS 4449, zimepimwa maabara fulani, tarehe fulani. Sentensi moja tu ila injinia ashajua kwamba ikivutwa haianzi kurefuka moja kwa moja bila kurudi mpaka ifike mkazo wa megapaskali 500, na kwamba ikifika kwenye nguvu yake ya juu kabisa inakua imerefuka angalau asilimia 5, kwahiyo haikatiki ghafla. Hata fundi anaweza kukagua, maana nondo ya mm 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, nzima ya mita 12 ni kama kilo 10.7. Ukiandika mm 12 alafu mtu akaiweka kwenye mzani akakuta kilo 9, jina lako limeharibika na langu pia, na mbaya zaidi kuna nguzo ya nyumba ya mtu inasubiri hiyo nondo.

Ndo maana naomba cheti cha vipimo cha kiwandani kije pamoja na taarifa. Na naangalia ni aina gani. Kwenye EN 10204, kiwango cha Ulaya cha vyeti vya vipimo, aina ya 3.1 inaonyesha matokeo ya vipimo vya mzigo wenyewe na inathibitishwa na mtu asiyekua chini ya idara ya uzalishaji, wakati aina ya 2.1 ni tamko tu kwamba mzigo unafuata oda, matokeo hayapo. Watu wananitumia 2.1 wanasema "tumepimwa". Hapana, hapo mmetamka tu.

Mabati nayo yana shida yake, geji, yaani namba ya unene. Kila mtu huku kwetu anaongea geji 28, geji 30, sawa, mtaani tunaelewana. Ila makala inasomwa na mtu yuko Mombasa na mwingine yuko Houston, na geji 28 ya Kiingereza ni kama mm 0.38 wakati ya Kimarekani kwa bati lenye zinki ni kama mm 0.47, hiyo tofauti ni kubwa sana kwenye paa. Andika milimita, geji weka pembeni ukitaka. Alafu useme na tabaka la zinki, Z275 maana yake gramu 275 kwa mita mraba pande zote mbili zikijumlishwa, sio kila upande, hili watu wa masoko wanalikosea sana na linafanya bati lionekane bora mara mbili ya lilivyo.

Tani pia. Tani ya kilo 1,000, tani fupi ya Marekani kama kilo 907, tani ndefu ya zamani ya Uingereza kama kilo 1,016, zote mtu anaandika "tani". Na shaba inauzwa kwa dola kwa tani kwenye soko la metali la London, New York wanaitaja kwa pauni ya uzito, kwahiyo dola 4 kwa pauni ni kama dola 8,800 kwa tani. Ukinukuu bei weka soko gani na siku gani. Machi 8, 2022 nikeli pale London ilipita dola 100,000 kwa tani, soko likasimamisha biashara na miamala ya siku ile ikafutwa, sasa mtu aliyeandika "bei ya nikeli kwa sasa" bila tarehe wiki ile alikua anamdanganya msomaji bila hata kukusudia.

Kwa watu wa migodi hapa ndo nakua mkali zaidi na siombi radhi. Rasilimali na akiba sio kitu kimoja. Rasilimali ni madini yaliyokadiriwa kuwepo ardhini, na ile ya daraja la chini kabisa ni makisio ya mbali, wakati akiba ni ile sehemu iliyochambuliwa ikaonekana inachimbika kwa faida. Taarifa inayosema tu "tuna dhahabu wakia kadhaa" bila daraja, bila jina la mtaalamu anaewajibika na bila kutaja kanuni za kuripoti madini kama JORC ya Australia au NI 43-101 ya Kanada, haitoki. Sababu ipo. Kampuni ya Bre-X ya Kanada ilikua inatangaza dhahabu ya Busang, Indonesia, kila taarifa namba inapanda mpaka wakia milioni 70 hivi, magazeti yanachapa, watu wanaweka hela za uzeeni. Mwaka 1997 wengine wakachoronga kivyao wakakuta hakuna kitu, sampuli zilikua zimetiwa dhahabu. Kanada wakaleta NI 43-101 mwaka 2001. Wahariri waliochapa hawakuiba, ila walipitisha namba ambayo hakuna aliyeiuliza maswali.

Kuhusu linki, nieleweke. Moja ya kwenda kwenye kampuni yako kwenye maelezo ya mwandishi sina neno. Ukilipia nafasi, makala inaandikwa wazi kwamba imelipiwa na linki inawekewa alama ya udhamini, Google wanataka hivo, na alama yenyewe wameileta 2019. Usiniombe niifiche.

Vingine ni vya haraka. Maneno yaje kwenye Word au ndani ya imeili yenyewe, sio PDF iliyoskaniwa. Picha iwe ya mtambo wenu kweli, sio ya kudownload mtandaoni, watu wa fani wanatambua tanuru la umeme la mtu mwingine mara moja. Kama kampuni iko kwenye soko la hisa taarifa ianzie huko sokoni kwanza ndo ije kwangu. Kama taarifa ina saa maalum ya kutoka, iandike juu kabisa pamoja na ukanda wa saa, maana saa tatu ya Dar wengine wanaisoma kivingine kabisa.

Na namba ya simu unayoweka chini iwe ya mtu anaeujua mtambo, sio mapokezi. Nikipiga nauliza swali moja, hii namba imepimwaje, akijibu hapo hapo taarifa mara nyingi inatoka siku hiyo hiyo.